Wivu Wangu kwa Kadi za Masika

Vijana wangu, mmeniandikia mkiniuliza swali moja: mjitengenezee wenyewe programu ya kufuatilia makosa ya programu zenu, au mtumie iliyokwisha kutengenezwa na wengine? Nasikia swali hilo limewagawa hadi wawili kati yenu hawasalimiani tena ofisini. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Swali hilo nililijibu mimi hapa hapa Butembo, mashariki ya Kongo, wakati wa vita, na sikulijibu kwa akili. Nililijibu kwa wivu, na wivu wenyewe haujanitoka hadi leo nilipobaki na kuku sita na macho mabovu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika depo ya dawa ya kanisa, iliyogawia vituo vya afya kuanzia Kayna upande wa kusini hadi Kamango kule mpakani mwa Uganda. Niliandika kwa mkono wangu programu ya kuhesabu dawa: zilizoingia, zilizotoka, zilizokaribia kuharibika. Ilifanya kazi kwenye kompyuta nne: moja kwetu, moja Beni, moja Kayna, moja Kamango. Watu waliniita Ingénieur, yaani mhandisi, na mimi niliitika haraka.

Msifikiri mambo yalikuwa kama yenu ya leo. Umeme ulikuwa wa jenereta, mafuta yakiwepo. Nikirekebisha kosa, marekebisho yalisafiri ndani ya disketi iliyofungwa kwa sashe mbili za plastiki kwa sababu ya mvua, mfukoni mwa dereva, akipita vizuizi vya askari ambao wiki hii ni hawa na wiki ijayo ni wengine. Siku moja askari aliipasua disketi kwa kisu akitafuta kilichofichwa ndani. Dereva akaniletea vipande. "Ingénieur, bamepasua programu yako," akasema, "mais balisema haiko na kitu ndani." Kwa hiyo jifunzeni jambo la kwanza la kazi hii: kila kitu nakala mbili, na nakala ya pili isipande gari moja na ya kwanza.

Habari za makosa zilitufikia kwa foni, ile redio ya mawasiliano ambayo kila mwenye chombo aliweza kuisikiliza, askari wakiwemo. Aliyeishika foni yetu ni Masika. Alikuwa na miaka minne ya sekondari, watoto watatu, na sauti ambayo hata mvua ya radi haikuweza kuifunika. Hakuna aliyemwagiza kufuatilia makosa ya programu yangu. Alianza mwenyewe, kwa sababu watu walimwambia.

Alikata kadi kutoka katoni za dawa, akazitoboa, akazitundika kwenye waya uliovuka ukuta wa chumba cha foni. Kadi zilifuata barabara: Kayna mwisho wa kushoto, Kamango mwisho wa kulia. Kila kadi ilisema mtu alifinya kitufe gani, aliona nini, alitegemea kuona nini, na ni nani aliyesema. Alikuwa na sheria moja. Kadi haitoki mpaka yule yule aliyelisema kosa aseme kwa mdomo wake kwamba limekwisha. Mimi niliweza kumwapia Masika kwamba nimerekebisha, nikamwonyesha na disketi. "Bien, Ingénieur," alikuwa akijibu. "Tutamungojea Muhindo."

Muhindo alikuwa muuguzi wa Kayna, mwenye kuifinya ile kompyuta kila siku. Nitawapa mfano wa mazungumzo yao, kwa sababu ndani yake mna ufundi ambao nilichelewa sana kuuona. 'Wavukire' ni salamu yetu ya asubuhi, na 'À vous' ni kumwachia mwenzako zamu ya kusema.

"Muhindo, wavukire. Mama anaendelea namna gani? À vous."

"Anaamuka kidogo, aksanti. À vous."

"Na kazi? Jana mulimaliza saa ngapi?"

"Tulichelewa kidogo. Ile machine ilitusumbua ku page ya tano, mais haiko kitu."

"Ilisumbua namna gani? Mbele ya kusumbua, ulifinya nini?"

Na hapo kosa linatoka, zima, na miguu yake yote. Mnajua jinsi tulivyo. Kwetu huamki tu asubuhi ukamwambia mtu aliyesoma kwamba kazi yake ni mbovu. Unamwambia iko bien, unamshukuru, unakwenda zako. Masika hakuuliza kosa. Aliuliza habari, na kosa alilikuta humo humo ndani. Nyuma ya kadi aliandika na hizo habari nyingine: mama ya Muhindo anaumwa, wa Kamango amepata mtoto, ili kesho aanzie hapo.

Kila asubuhi, baada ya sala, tulisimama kwenye chumba cha foni: Dokta mkurugenzi wetu, mtunza depo, madereva, na mimi. Masika alisoma kadi zote kuanzia kushoto kwenda kulia. "Kayna, page ya tano, mustari wa mwisho haionekane. Imesemwa na Muhindo. Bado." Neno hilo "bado" alilitamka bila ubaya wowote, na kila alipolitamka vichwa vyote viligeuka kunitazama. Nilikuwa mtu wa pekee kutoka Kayna hadi Kamango anayejua kuandika programu, na kila asubuhi mwanamke wa foni alinisomea makosa yangu mbele ya madereva.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni safari ya Beni. Nilikwenda kuweka marekebisho, na mama aliyetunza depo ya pale akanipokea kwa chai na maandazi. Nikamuuliza, "Mama, programu inakwenda?" Akasema, "Bien sana, Ingénieur, hapana shida hata moja." Wakati wa kuondoka akanipa bahasha nimpelekee Masika. Naona aibu kusema kwamba niliifungua ndani ya gari. Zilikuwamo salamu nusu ukurasa, na makosa matatu ya programu yangu, ya kompyuta ile ile niliyokuwa nimeketi mbele yake asubuhi nzima nikinywa chai. Nilisikia wivu hadi nikaisoma mara tatu. Programu ilikuwa yangu, na siri zake zote zilikuwa za mwingine.

Sikusema nina wivu. Nilisema mfumo wa kadi umepitwa na wakati. Nilimweleza Dokta kwamba kadi zinaweza kuungua, kupotea, kuliwa na panya, na kwamba sehemu yenye kompyuta haiwezi kuandika makosa ya kompyuta kwenye katoni. Yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo sababu yalinifaa sana.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta kutoka Kampala programu ya kazi hiyo hiyo, tayari kabisa, kwenye sidii. Niliichunguza alasiri moja tu nikaikataa: ni ya Kiingereza, haina nafasi ya mtu anayeripoti kwa foni, rangi zake mbaya. Kweli, rangi! Kama ningeikubali ile, sifa zingekuwa za mtu wa mbali nisiyemjua, na mimi nilizitaka sifa hizo zitoke kwa Masika zije kwangu. Kwa hiyo nikasema nitaitengeneza mwenyewe.

Dokta alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Alikuwa mtu mkali lakini wa haki.

"Kakule, uelewe muzuri," akasema. "Niko na nafasi moja tu. Programu yako ikifanya ile kazi, foni ya asubuhi utashika weye mwenyewe, na Masika nitamuachisha. Unakubali?"

"Ninakubali, Dokta."

Nilijua ana watoto watatu. Msije mkasema sikujua.

Ilinichukua miezi minne. Niliipenda ile programu kuliko kazi yoyote niliyoifanya kabla. Ilikuwa na dirisha la kuandika kosa, namba ya kosa, hali ya kosa, na ripoti ya kuchapisha yenye mistari miwili chini ya jumla. Katika miezi hiyo minne sikurekebisha kosa lolote la programu ya dawa, na waya wa Masika ulijaa hadi ukalegea katikati. Hili mliweke kichwani mkiendelea kubishana huko: saa mnazozitumia kujenga chombo cha kuandika makosa zinatolewa kwenye saa za kuyarekebisha.

Tukaanza kujaribu, programu yangu na kadi zake pamoja. Wiki ya kwanza nikaingia chumba cha foni nikaona kadi mpya mwisho wa waya, mbali kidogo na nyingine. "Butembo, programu mupya ya makosa: ukiandika kosa mbili siku moja, ya kwanza inapotea. Imesemwa na Masika. Bado." Chombo changu cha kuandika makosa kilikuwa na kosa, na kosa hilo lilikuwa limeandikwa kwenye katoni. Madereva walicheka hadi mmoja akatoka nje. Mimi sikucheka. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kumwondoa kwa njia yoyote.

Nilingoja ateremke sokoni, nikachukua kadi kumi hivi, nikampelekea Dokta, nikazigeuza nyuma. Mama ya Muhindo amepona. Wa Kamango mtoto ameota jino. Wa Beni amegombana na shemeji yake. "Dokta," nikasema, "hii ndiyo kazi inayofanyika kwenye foni ya depo, wakati wa vita, na dunia nzima inasikiliza. Ni udaku." Nilijua habari zile zilikuwa za nini. Nilikuwa nimemsikia mara mia akianzia hapo. Dokta alizisoma moja moja, akakunja uso, na mwisho wa mwezi Masika akaondoka.

Hakulia wala hakugombana. Alinionyesha kitufe cha foni kinachokwama. "Ukifinya hii, ungojee kidogo mbele ya kusema," akaniambia. "Bila vile hawatasikia mwanzo." Kisha akabeba kikapu chake. Nilikuja kusikia kwamba amepata kazi Beni, kwenye foni ya wafanyabiashara karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi.

Nikaketi kwenye kiti chake. Kila asubuhi niliviita vituo kwa mpangilio, nikasoma maswali kutoka kwenye dirisha la programu yangu. "Kayna, una kosa la kuripoti? Ndiyo au hapana? À vous."

"Hapana, Ingénieur. Yote iko bien. À vous."

"Kamango?"

"Hapana kosa, Ingénieur. Aksanti."

Beni vile vile. Siku, wiki. Programu yangu ikaonyesha sufuri. Nikaichapisha ile sufuri, nikampelekea Dokta, yenye mistari miwili chini yake. Nilikuwa na furaha ya kweli, na ninyi mnaoandika programu mnajua furaha ile. Lakini hata ndani ya furaha wivu haukulala, kwa sababu kila siku, kabla ya kuzima, mmoja wao aliuliza: "Na Masika, unajua habari yake?" Nilijibu kwamba foni ni ya kazi.

Asubuhi moja, baada ya kumaliza vituo vyote, nikasikia: "Butembo, Butembo, Mavivi inaita. Ni Masika. Wavukire, Kakule. Kuna neno ya Kayna nilitaka kukuambia. À vous."

Nilifinya kitufe, nikangoja kidogo kama alivyonifundisha, nikasema, "Hii fréquence ni ya kazi. Terminé." Nikakata. Alasiri aliita tena. "Butembo, ni Masika, ni neno ya batoto ya Kayna..." Nikazungusha swichi, nikazima. Niliwaza hivi, na nitawaandikia kama nilivyowaza: hata kutoka Beni, hata bila kazi, bado wanamwambia yeye.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi, baada ya sala, Dokta alitoa barua mfukoni. Dereva wa lori alikuwa ameileta kutoka Mavivi. Akaisoma mbele yetu sote, polepole, na iliandikwa hivi kwa kadiri ninavyokumbuka: salamu kwa Dokta na nyumba yake; salamu kwa mtunza depo, je, mguu umepona; salamu kwa madereva; salamu kwa Kakule, je, mtoto wake mchanga ameacha kukohoa. Kisha: Kayna, page ya pili, dawa ya malaria ya batoto. Muhindo akifungua kopo moja na kuandika vidonge alivyotoa, programu inapunguza vidonge, lakini kopo lenyewe haiitoe kwenye hesabu. Programu inasema iko makopo kumi na mbili. Ndani ya depo ya Kayna haiko hata moja. Alitegemea kuona sufuri ili Butembo itume nyingine. Imesemwa na Muhindo. Bado.

Dokta akauliza, "Kakule, orodha yako inasemaje juu ya Kayna?"

"Sufuri, Dokta."

Nililirekebisha kosa hilo kabla ya chakula cha mchana. Ulikuwa mstari mmoja. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapokea maelezo ya kosa yaliyo safi kuliko yale, na nikiyasoma tena kichwani bado nayaonea wivu. Gari la dawa liliondoka siku hiyo hiyo, na mimi ndani yake na disketi zangu mbili. Muhindo alinipokea vizuri sana. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto mgongoni, wengine wakiwa wamerudi kwa mara ya tatu. Muhindo hakuniambia kama kuna mtoto aliyefariki katika siku zile tisa. Sikuuliza. Nilimwuliza tu kwa nini hakuniambia kwenye foni, kila asubuhi nilipomwuliza kama kuna kosa.

Akatazama chini. "Ingénieur," akasema, "uliuliza kama kazi yako ni mubaya. Ningejibu nini?"

Niliporudi, Dokta akanituma Beni kumrudisha Masika. Hakunipa mtu mwingine wa kunisindikiza, wala barua. Alisema tu, "Uende weye."

Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, vipokea sauti shingoni. Nikamwambia Dokta anamwita, nafasi yake ipo, programu yangu ya makosa nimeizima. Alifikiri kidogo, akauliza habari za mtoto wangu, nikajibu. Akauliza barabara, nikajibu. Halafu akaniuliza kwa sauti ile ile, "Nilikuita mara mbili. Ulinisikia?"

"Hapana," nikasema. "Foni ilikuwa mbaya siku ile."

Alinitazama. Akavuta kipande cha katoni, akachukua bic, akaandika polepole huku akitamka: "Butembo, foni, ikiitwa na Mavivi haisikie. Imesemwa na Kakule." Akakitia kikapuni. "Bon," akasema. "Twende."

Sasa jibu la swali lenu. Mkijenga wenyewe au mkichukua ya wengine, sawa tu, mtazoea. Kabla ya hapo kaeni chini, kila mtu aseme kwa jina ni nani leo anayeambiwa makosa, na kwa nini yeye. Na kama kati yenu yuko ambaye jina hilo likitajwa wivu unamshika, huyo asiachiwe aamue peke yake.

Masika alirudi, waya ukakazwa upya, na mimi nikasimama tena na madereva kila asubuhi baada ya sala. Alisoma Kayna, akasoma Beni, akasoma Kamango. Mwisho akasoma yangu, kwa sauti yake ya kila siku, bila kunitazama. "Butembo, foni, ikiitwa na Mavivi haisikie. Imesemwa na Kakule. Bado."

Fundi wa redio alikuja, akaipima foni, akasema ni nzima. Masika akamsikiliza kwa heshima na kumshukuru. Kesho yake akasoma tena: bado. Alikuwa akifuata sheria yake, na mtu wa pekee aliyeweza kuitoa kadi ile alikuwa mimi. Dokta alikuwa amekwisha kuelewa, nadhani, hata madereva, lakini hakuna aliyetamka neno. Wiki zikapita. Kadi nyingine ziliingia na kutoka, ile ikabaki, na nilikuwa nikiwaonea wivu hata watu wa Kamango ambao makosa yao yalikuwa ya kufutika kwa disketi.

Asubuhi moja, alipoifikia, sikumngoja aseme neno la mwisho.

"Masika," nikasema, "uitoe hiyo kadi. Foni ilikuwa nzima. Nilikusikia."

Masika alichukua bic yake, akaigeuza kadi.

"Mara ya kwanza, ao mara zote mbili?"

"Zote mbili."

Akaandika, akaitoa kwenye waya, akauliza kama kuna mwenye neno lingine.